Rudini, Si Rudi

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli walimwita Bi Wanga, na kila mfanyakazi mpya aliyelisikia jina hilo alikaa naye mbali wiki nzima, akidhani mama huyu huwanga usiku. Kumbe wanga wenyewe ni ule wa nguo. Yeye ndiye aliyekuwa akiukoroga kwenye ndoo, mzito kwa vitambaa vya meza, mwepesi kwa kola za wapishi, na hakumruhusu mtu mwingine ashike mwiko wake. Jina lenyewe halikumuudhi. Alisema afadhali waogope, maana anayeogopwa haibiwi sabuni.

Alikuwa mtu wa hasira, na hapa hatutampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwakasirikia wageni wanaofutia viatu taulo nyeupe. Aliwakasirikia wenzake waliosema mashine imefua, kwa sababu mashine haifui, inazungusha tu. Anayefua ni yule aliyeliona doa kabla nguo haijalowa. Zaidi ya vyote aliukasirikia mchanga. Mchanga wa fukwe zote za kisiwa kile ulipita mikononi mwake, umejificha kwenye pindo za taulo na mifuko ya kaptura, ukaziba mabomba na kukwaruza pasi. Wageni walirudi matembezini wakisema fukwe za huku ni pepo ya dunia, na yeye wakati huo amepiga magoti kule chini, anaichokonoa hiyo pepo kwa waya kwenye bomba la maji machafu.

Umri wa kupumzika ulipofika, meneja aliwakusanya wafanyakazi kwenye ukumbi wa chakula akatoa hotuba. Wastaafu waliotangulia walipewa saa ya ukutani. Bi Wanga aliomba moyoni apewe pasi, ile nzito ya mvuke aliyoizoea, kwa sababu alikuwa na mpango wa kuendelea kunyoosha nguo za watu nyumbani kwake. Meneja akatangaza kwamba safari hii hoteli imeamua kumfanya mgeni: atalala kwenye chumba kinachotazama bahari, na kesho yake atatembezwa kwenye fukwe na njia za pwani pamoja na wageni wengine. Wenzake walipiga makofi. Yeye alisimama akashukuru, kisha akasema wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila yeye wamempa jembe kwanza na ugeni umekuja mwisho. Walicheka sana, na meneja naye akacheka, ingawa sina hakika kama alielewa.

Chumbani hakulala vizuri. Shuka lilikuwa limenyooshwa katikati tu, pembeni limekunjamana, na aliujua hata mkono uliofanya uvivu huo. Alilitandua, akalitandika upya kama inavyotakiwa, kisha akalala ukingoni asije akalichafua.

Asubuhi wageni walikusanyika mapokezi. Wote walikuwa watu wa bara: maharusi walioshikana mikono tangu kwenye chai, mwalimu mkuu mstaafu aliyekuja na binti yake, na bwana mmoja wa kofia pana ambaye alikuwa na jibu la kila kitu hata kabla hakijaulizwa. Kisha akaingia kiongozi wa matembezi, amevaa fulana ya hoteli, miwani ya jua ameipandisha kichwani. Wageni walimwita Kapteni. Cheo hicho alijipa mwenyewe, kwa sababu maishani mwake hajawahi kuendesha hata beseni. Bi Wanga alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana kijana huyo ni mtoto wa marehemu kaka yake, na nusu ya mifupa yake ilikomazwa na chakula cha jiko la shangazi.

Kapteni alipomwona shangazi yake ameketi kati ya wageni, na kofia ya jua ya kuazima kichwani, alishtuka mpaka akasahau kumwamkia. Alipokumbuka shikamoo, ilitoka nusu.

"Marahaba," Bi Wanga akaitikia. "Haya, mwanangu, tutembeze tuone kwetu."

Yule kijana akamvuta kando. Akamweleza kwamba njia ni ndefu, mawe ni makali, na kwa umri wake ingekuwa busara abaki ufukwe wa kwanza, akae kivulini, wengine watampitia wakirudi. Bi Wanga akamjibu kwamba magoti yaliyosimama juu ya sakafu ya maji maisha mazima hayawezi kushindwa na njia iliyochongwa kwa ajili ya maharusi. Akafunga kamba za viatu na kutangulia mbele.

Na tuseme haki, mwanzo wa matembezi ulikuwa mtamu. Ufukwe wa kwanza ulikuwa mrefu na mweupe, maji yametulia, mivinje inavuma taratibu. Bi Wanga alivua viatu alivyotoka kuvifunga. Mchanga alioulaani miaka yote kwenye mabomba, leo aliuona ukiwa nyumbani kwake, laini, msafi, haumsumbui mtu, na akakiri peke yake kwamba wageni hawakuwa waongo. Binti wa mwalimu mkuu alimwomba ampige picha, kisha akampiga na yeye. Huko nyuma Kapteni alisimulia habari za kasa na matumbawe, na alisimulia vizuri. Shangazi mtu alijisikia fahari kidogo, akaificha.

Baada ya ufukwe njia ilipanda juu ya majabali. Upande mmoja mikadi na vichaka, upande mwingine bahari iko chini kabisa, na kila baada ya kona unakuta kijighuba chenye mchanga wa kukaa watu wachache. Kwenye kijighuba cha tatu Kapteni akatangaza kwamba jua limekuwa kali na itakuwa vyema warudi kwa njia ya mkato. Wageni wakagoma. Bwana wa kofia akasema tangazo la hoteli liliahidi Jabali la Kichaa, na yeye hakutoka bara kuja kuona kasa peke yao.

Bi Wanga akauliza kichaa gani. Mpwa wake akajifanya anakagua chupa za maji.

Njia ilipozunguka kichaka cha mwisho, Bi Wanga akapajua. Alipokuwa mtoto hapakuwa na njia upande huu. Walipanda kutokea chini, kwenye mawe, na tangu aanze kazi ya kufua hakuwahi kurudi. Hapa ndipo mama yake alipofanyia kazi.

Kazi yenyewe lazima ielezwe, maana siku hizi haipo. Maji yakipwa sana, wanawake wa pale walikwenda mbali juu ya mwamba wa bahari kuokota kome na kuchokoa pweza, ndoo mkononi, watoto nyuma yao. Anayeokota huangalia chini. Na bahari ya pale ina hila: ikianza kujaa haiji mbele ya macho yako, inapita kwanza mgongoni, kwenye mfereji mrefu ulio kati ya mwamba na ufukwe. Ukija kuinua kichwa, uliposimama ni pakavu bado, lakini unakorudi hapapitiki. Kwa hiyo ilikuwa lazima awepo mtu mmoja juu ya jabali asiyeokota chochote, macho kwenye mfereji, na maji yake yakianza kubadilika rangi aite.

Mtu huyo alikuwa mama yake Bi Wanga. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa, kupanda jabali polepole aliweza, lakini si kutembea juu ya mwamba wenye utelezi, na watu walisema Mungu alimnyima mguu akamlipa koo. Aliita neno moja tu, "Rudini," na ile "ni" ya mwisho aliivuta mpaka pumzi imwishie, kwa sababu upepo uliimeza "rudi" yote na kilichofika kule mbali ni "ni" peke yake. Watu walirudi kwa hiyo "ni". Walipopanda, kila mwanamke alimwachia konzi moja kutoka kwenye ndoo yake, naye akajitwisha akachechemea kwenda kuwapikia wanawe. Hiyo ndiyo kazi iliyomlea Bi Wanga, na hajawahi kuona haya kuitaja.

Sasa Kapteni akasimama ukingoni, akaishusha miwani, akapunguza sauti. Kwa kweli hakuwa na namna. Wageni walikuwa wamemzunguka na simu zao zimeinuliwa. Akaanza kwa kumkwepa shangazi yake macho. Hapo zamani, akasema, palikuwa na mwanamke mzuri kuliko wote kisiwani. Aliolewa, na siku ya pili ya harusi mumewe akaenda baharini asirudi. Bibi harusi aliyekuwa akisikiliza akashika mkono wa mumewe. Yule mwanamke, Kapteni akaendelea, akapata wazimu. Alijirusha kutoka hapa, bahari ikamkataa, akapona na mguu mmoja uliovunjika. Tangu hapo kila siku alipanda jabali hili akiburuta mguu, nywele timutimu, akimwita mumewe kwa neno moja.

"Rudi," Kapteni akaita, mikono mdomoni. "Rudiii."

Hata mguu aliuiba. Hilo ndilo lililomchoma Bi Wanga kwanza, kabla hajafika kwenye wazimu: mguu ambao mama yake alizaliwa nao, uliomuuma kila penye baridi, kijana ameuchukua akaufanya pambo. Alisimama pale haamini kwamba masikio yake ni yake.

Bibi harusi akapanda ukingoni, akatimua nywele zake kwa vidole, akaita "Rudi," na mumewe akapiga picha. Binti wa mwalimu mkuu akafuata. Kapteni akawaeleza kwamba hoteli imeshatengeneza bango, na wiki inayofuata litasimamishwa hapahapa, limeandikwa jina jipya, Jabali la Rudi, na hadithi yote chini yake kwa lugha mbili. Bwana wa kofia akauliza kama kichaa huyo alikuwa akivua nguo, kwa sababu vichaa wengi huvua nguo. Kapteni akababaika, kisha akasema wapo wanaosema hivyo.

"Huyo mnayemvua nguo ni mama yangu," Bi Wanga akasema.

Wakageuka. Na akishaanza, Bi Wanga haishii njiani. Aliwaambia hakukuwa na harusi wala mume aliyezama. Mume alikuwepo, alikuwa mchoma chokaa na alifia kitandani, mzee, akilalamika uji hauna chumvi. Aliwaambia juu ya mfereji, na ndoo, na konzi ya kome. Aliwaambia mama yake hakuita "rudi" hata siku moja. Aliita "rudini", na mtu anayesema "rudini" anazungumza na watu wengi, wote wamo kichwani mwake, amewahesabu na anawajua kwa majina. Kichaa gani huyo? Machozi yakamtoka, na alikasirika zaidi kwa kuwa yamemtoka mbele ya watu wasiomjua hata jina.

Alipomaliza walishusha simu zao. Kisha wakapiga makofi.

Walipiga kwa moyo, wote. Mwalimu mkuu alijifuta macho, akasema amekwenda matembezi mengi lakini hajaona hoteli iliyopanga jambo kwa ustadi hivi, kumweka mwigizaji kati ya wageni tangu asubuhi bila mtu kushuku. Bibi harusi akataka apigwe picha na "binti wa kichaa". Bwana wa kofia akamkunjia noti kiganjani, na Bi Wanga alipoirudisha akacheka, akaona hata hiyo ni sehemu ya mchezo. Utamfanya nini mtu wa namna hiyo? Ukilia, unaigiza. Ukitukana, unaigiza vizuri zaidi.

Kapteni akamsogelea sikioni. "Endelea hivyohivyo, shangazi," akanong'ona. "Wamependa."

Labda ulikuwa woga, labda ni mazoea ya kazi, mimi sitamtetea. Bi Wanga alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta doa kwenye kitambaa alichokifua mwenyewe.

"Waambie," akasema, na hakunong'ona. "Waambie mimi ni nani kwako, na yule ni nani kwako."

Kijana akavua miwani. Rangi ilikuwa imemtoka. Akawaambia wageni kwamba huu si mchezo, kwamba huyu mama ni shangazi yake wa damu, na yule aliyemwita kichaa ni bibi yake mzaa baba, na kwamba hadithi yote aliitunga. Wakacheka. Akarudia, akaapa, akasema na Mungu anamwona. Wakacheka zaidi, na bwana wa kofia akasema kumbe ukichaa wenyewe uko kwenye damu, makofi yakaanza upya. Mtu aliyezoea kudanganya vizuri hana sauti nyingine ya kusemea kweli. Alikuwa na ileile, na walishailipia.

Bi Wanga hakungoja makofi yaishe. Aligeuka akashika njia ya chini, ile ya zamani, kwenye mawe, kwa mwendo ambao haukuufaa umri wake. Kapteni aliona anakopita na akaogopa kweli, akasahau wageni, akasahau kila kitu.

"Shangazi, rudi," akaita. "Rudi, shangazi."

Na wageni, wakiwa wamejipanga ukingoni, mikono mdomoni, wakaitikia pamoja naye, "Rudiii." Ilimfuata mpaka chini kabisa. Hakurudi.

Mchana huo kijana alifika nyumbani kwa shangazi yake, fulana ya hoteli ameivua na kuikunja kwapani. Alimkuta ananyoosha sare za watoto wa jirani kwa pasi ya mkaa. Hakukaribishwa kiti. Alisimama mlangoni akasema anaomba radhi, hakujua kama shangazi angekuwepo.

"Kwa hiyo nisingekuwepo ingekuwa halali?"

Akaihamishia fulana kwapa la pili. Halafu akaanza kujieleza, na maelezo yake yalikuwa ya kweli, ndiyo maana yalikera. Alisema njia ilipofunguliwa aliwasimulia wageni habari za bibi yake kama zilivyo, kwa fahari kabisa, na wageni walikuwa wakitazama simu zao. Siku moja, kwa kuchoka tu, akalikata lile neno, akasema aliita "rudi". Mgeni mmoja akainua kichwa akauliza, alikuwa akimwita nani? Hadithi ikaanzia hapo. Kila siku waliuliza, naye kila siku akaongeza.

"Ukweli hauna wateja, shangazi," akasema. "Na nilikata herufi mbili tu."

Bi Wanga aliitua pasi. "Herufi mbili ndizo zilikuwa watu wote," akasema. "Umewafuta wanawake wa mwamba mzima pamoja na watoto wao, ukamwacha mama yangu peke yake juu ya jiwe anamlilia mwanamume. Unajua alivyokuwa akiwacheka wanaolilia wanaume?"

Kijana akasema ataacha kazi. Alidhani hilo litampoza. Bi Wanga akamwambia kuacha ni kukimbia. Akiacha yeye, mwenzake ataisimulia vilevile, tena kwa chumvi nyingi zaidi. Aliyemtia mama yake wazimu ni yeye, na wa kumtoa ni yeye. Kesho akapande kulekule na mdomo uleule akawaambie wageni kweli.

"Watapiga makofi."

"Wapige. Uwaambie tena."

Bi Wanga mwenyewe alikwenda kwa meneja. Alivaa gauni lake la kutokea, lililonyooshwa mpaka likasimama lenyewe, akapita mlango wa mbele ambao zamani hakuruhusiwa kuupita. Meneja alimsikiliza kwa adabu yote. Akamweleza kwamba hadithi haikumtaja mtu kwa jina, kwa hiyo hakuna aliyeumizwa. Bi Wanga akamwambia kisiwa kizima kinajua ni mwanamke mmoja tu aliyewahi kusimama pale akiita, jina la nini tena? Meneja akasema bango limeshapakwa rangi. Akasema wageni wanakuja kupumzika, hawaji kusoma historia. Mwisho akasema anaona mama hakuipenda zawadi yake, akamuuliza kama angependelea saa ya ukutani.

Aliyoyajibu Bi Wanga hapo hayaandikiki. Mlinzi wa mlangoni aliyasikia na mpaka leo anayarudia akitaka kuwachekesha wenzake. Bango lilisimamishwa vilevile, herufi kubwa nyeupe, Jabali la Rudi, na lingine dogo likawekwa kwenye bustani ya hoteli kuonyesha njia ya kwenda huko.

Lakini kijana alifanya alichoambiwa. Hilo lazima aandikiwe. Siku za kwanza walimpigia makofi, kama alivyosema, wakasifu hadithi yenye mwisho wa kushangaza. Akajifunza kuisema bila kupunguza sauti, bila mikono, bila miwani, kavu kama mtu anayesoma bei za sabuni, na ndipo walipoanza kumwamini na kuchoka. Wageni wakalalamika kwamba kiongozi anaharibu matembezi. Hoteli ikampa mwenzake njia ya majabali na ile hadithi, yeye ikamshusha mapokezi akabebe mabegi. Jina la Kapteni likafa. Wenzake walimwita Rudini kwa kumdhihaki, naye aliitika.

Alikuja kumwambia shangazi yake siku moja jioni, baada ya kazi. Safari hii alipewa kiti. Bi Wanga aliendelea kunyoosha huku akisikiliza, na hakumwambia pole, kwa sababu hakuona cha kumpa pole. Alimuuliza tu kama huko kwenye mabegi bado anasema.

Kijana akasema anasema. Mchana huohuo alikuwa amembebea mgeni mmoja begi kupita bustanini, mgeni akaona lile bango dogo akauliza habari zake. Akamweleza kila kitu, mfereji, ndoo, koo la bibi, na ile "ni". Mgeni akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, basi nani alizama? Akamwambia hakuna. Miaka yote ile? Miaka yote ile. Mgeni akasema, sasa kama hakuna aliyekufa, hadithi iko wapi?

"Ukamjibu nini?"

"Sikuwa na jibu, shangazi. Nikaweka begi chini nikaondoka."

Bi Wanga aliiweka pasi kwenye kigae chake. Hasira aliyokuja nayo kutoka jabalini ilikuwa haijapungua hata chembe, ila sasa ilipanda ikamfikia machoni.

"Baba yako alikuwa mkaidi kuliko watoto wote," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kule mbali, kila siku, na kindoo chake, maji yanamfika kiunoni na bado anaokota. Mama alimwita mpaka akatema damu. Akarudi. Akakua, akaoa, ukazaliwa wewe. Halafu mtu anakuuliza hadithi iko wapi, na wewe huna jibu? Ungemwambia ndiyo hii, imekubebea begi."